Jina Langu Lilifika Butte Kabla Yangu

Jumapili iliyopita mliniacha hospitali, nimelala chali. Nilikuwa nimewasimulia jinsi mlango wa sakafuni ulivyoachwa wazi jukwaani kule New York, nikatumbukia katikati ya wimbo, nyonga ikavunjika. Niliwaambia pia kwamba mama yangu alikuja kuniona, akanibusu kwenye paji la uso, akasema anampeleka mdogo wangu Alvina nyumbani Wisconsin akasome. Aliondoka na sanduku langu la nguo za jukwaani, eti nondo wasije wakazitoboa.

Nilimwamini. Mtu aliyefungwa mguu kwenye ubao huamini anachoambiwa, maana hawezi kuinuka kwenda kuhakikisha.

Nilipotoka hospitali, ile tamthilia ya nyimbo niliyokuwa nikiicheza ilikuwa imeshapata binti mwingine. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mjerumani, nikajifunza upya kutembea, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka kitandani. Mama hakuja tena. Nilijiambia Wisconsin ni mbali.

Siku moja akaja kunitembelea Pfeffer, mrusha mipira wa jukwaani ambaye tuliwahi kuzunguka naye miji mingi. Aliingia amenuna.

"Leonora, siku hizi una majivuno," akasema.

"Nimefanya nini?"

"Nilikupungia mkono kule Spokane. Ulikuwa unatoka jukwaani, ukanitazama kama unatazama ukuta."

"Pfeffer, mimi sijatoka mtaa huu tangu Pasaka."

Akanitazama usoni. Akatazama fimbo yangu iliyoegemea kiti. Halafu akavua kofia, kama mtu aliyeingia kwenye msiba.

"Basi kuna mtu amevaa sura yako," akasema polepole. "Na anaimba nyimbo zako. Nilipoondoka walikuwa wanasema kituo chake kinachofuata ni Butte."

Hapo ndipo ninapoanzia leo.

Butte, Montana, ni mji uliokaa juu ya shaba. Mwaka ule wa 1912 moshi wa tanuru ulikuwa umekausha kila jani, na theluji ilianguka ikiwa na rangi ya majivu. Nilishuka kwenye treni na mkoba mmoja. Kabla sijavuka barabara nikajiona ukutani.

Bango lilikuwa kubwa kama mlango wa zizi. Picha yangu, ile niliyopigwa nikiwa na miaka ishirini na tatu, shingo nimeipinda, ua sikioni. Chini yake wameandika: LEONORA DUNMORE, MALKIA WA BROADWAY, MWENYEWE.

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniuma.

Ukumbi wenyewe uliitwa Orion. Ulikuwa ukumbi wa vodevili, yale maonyesho ya mchanganyiko ambamo mbwa hucheza, halafu mtu anakunja vyuma, halafu mwanamke anaimba, na wote mnavaa nguo kwenye ujia mmoja mkigongana viwiko. Kwenye mlango wa nyuma alikaa mzee mmoja mwenye kiko, mchimbaji wa zamani, mapafu yake yakipiga filimbi kila akivuta pumzi.

"Mlango wa wasanii ndio huu?" nikamuuliza.

"Inategemea wewe msanii gani."

"Mimi ni Leonora Dunmore."

Akatoa kiko mdomoni, akakitazama, akakirudisha. "Juzi alikuja mwingine akasema yeye ni mke wa Rais. Naye nilimpa kiti. Kaa, bibie, unaonekana umechoka."

Nilikaa. Wasomaji wangu, nilikuwa nimesafiri kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine nikiwa na hotuba nzima kichwani, na mtu wa kwanza kunionea huruma alinimaliza nguvu. Akanimegea kipande cha chakula chake, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi wanayobeba wachimbaji shimoni. Nikala. Nilipomaliza akaenda kumwita meneja.

Bwana Brandvold alikuwa mtu wa Norwe, mnene, mwenye macho ya buluu yasiyoamini kitu. Alinikuta nikipangusa makombo, akaniingiza ofisini kwake. Alikuwa anamenya yai la kuchemsha.

"Mzee anasema wewe ni Leonora Dunmore."

"Ndiyo, ni mimi."

"Na yule aliye chumba namba moja, anayenijazia ukumbi tangu Jumatatu, yeye nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza."

Akala nusu ya yai. "Imba," akasema.

Nikaimba 'Usifunge Dirisha', wimbo ulionitoa. Watu wa Butte walinijua kwa wimbo huo kwenye gramafoni, sura yangu hawakuwa wameiona isipokuwa kwenye karatasi za muziki. Niliimba nimesimama kati ya meza na jiko la makaa, nimekamata fimbo. Ubeti wa kwanza ulitoka na kutu. Wa pili ukasafishika kidogo.

Bwana Brandvold alisikiliza mpaka mwisho. Nitamsifu kwa hilo.

"Si mbaya," akasema. "Pua mmefanana. Sauti ya juu umeipata nusu. Ila mkono umekosea kabisa. Leonora anapofika kwenye 'dirisha' anafanya hivi."

Akainuka, na kwa ule mkono wake mnene wenye chumvi ya yai akanionyesha jinsi ninavyogeuza kiganja. Niliubuni ule mgeuzo mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mbele ya kioo kilichopasuka huko Toledo.

"Asante," nikasema.

"Sikiliza. Nilikuwa na mwigaji, binti anayeiga waimbaji mashuhuri. Ameshikwa na surua. Nafasi yake iko wazi, ya tatu, mara baada ya mbwa. Nitakutangaza 'Bi Paulina, mwigaji wa nyota.' Utamwiga Leonora, halafu Leonora mwenyewe atatoka mwishoni, watu wafananishe. Watapenda."

Mtu mwenye heshima zake angempiga yule mtu kwa fimbo. Mimi nilifikiri mambo mawili tu: ofisi ile ilikuwa na joto, na njia ya kumfikia mtu wa jukwaani ni kupanda naye jukwaa moja.

"Ulijuaje naitwa Paulina?" nikamuuliza.

"Sikujua. Wote wanaotoka Wisconsin wanaitwa Paulina. Unaongea kama wao."

Basi nikakubali. Kumbe jina langu la kuzaliwa, Paulina Zastrow, ambalo sikulitumia tangu utotoni, lilikuwa bado linasikika mdomoni mwangu.

Mchana ule ule, kabla sijaanza zamu yangu, nilisimama kando ya jukwaa nyuma ya pazia la pembeni nikasubiri. Mbwa walipita. Mkunja vyuma akapita. Kisha bendi ikapiga ule mwanzo ninaoujua kuliko sala ya jioni, na Leonora Dunmore akatoka upande wa pili.

Nilitambua gauni kwanza. Buluu, lenye shanga shingoni, na pale begani pameshonwa upya kwa mkono wangu. Lilitoka kwenye sanduku langu.

Alikuwa amenipa mgongo. Akazunguka. Poda nyingi, wanja mwingi, ua sikioni. Chini ya vyote hivyo nikaona kidevu cha mdogo wangu Alvina.

Alvina alikuwa na miaka kumi na mitano.

Aliniiga kila kitu. Mkono, shingo, kicheko kidogo kabla ya kiitikio. Kuna mahali katika ubeti wa mwisho nimezoea kuvuta pumzi vibaya, katikati ya neno, kosa nililoshindwa kuliacha maisha yangu yote. Naye akavuta pumzi pale pale. Wachimbaji wakapiga miguu sakafuni mpaka vumbi likainuka. Alicheza vizuri, na nilimwonea fahari kabla sijakumbuka kukasirika.

Halafu nikatazama ng'ambo ya jukwaa. Mwanamke mfupi mwenye shali nyeusi alisimama kizani ameshika chupa ya maji ya asali, midomo yake ikitamka kila neno pamoja na Alvina.

Alisimama hivyo hivyo kwa ajili yangu tangu nina miaka tisa. Mama yangu, Augusta.

Nilimfuata mpaka chumba namba moja. Nilipofungua mlango alikuwa anamfungua Alvina vifungo vya nyuma. Alvina akageuka, akaona ni mimi, akakaa chini kwenye sanduku. Mama hakushtuka.

"Umekuja na treni gani?" akaniuliza.

"Mama."

"Kaa, utaumiza nyonga. Alvina, mpishe dada yako."

"Mama, uliniambia anasoma."

"Anasoma. Namfundisha mwenyewe asubuhi. Muulize mto Missouri unaanzia wapi."

"Montana," akasema Alvina kwa sauti ndogo, bila kuulizwa.

Nikalionyesha gauni kwa fimbo. "Umemvalisha jina langu."

Mama akakunja gauni taratibu, mkono juu ya mkono, kama anavyokunja kila kitu. "Jina lako ni Paulina," akasema. "Leonora Dunmore nilimtunga mimi, jikoni kwangu, mikono imejaa unga, wewe ukiwa mezani unakula siagi kwa kidole. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake. Nilihitaji mtu wa kututoa pale, hakuwepo, nikamtengeneza. Wewe ulimvaa miaka mingi, ukamvaa vizuri. Ukaanguka. Nifanye nini, nimzike?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Hakuna mtu duniani anayeweza kugombana na mama yangu. Anakujibu kweli tupu, na kweli zake zote zimekaa upande wake.

Nilimwuliza kwa nini hakurudi hospitali. Hapo tu ndipo mikono yake ikasimama.

"Nilikuona ulivyolala," akasema. "Sikutaka kukuona tena hivyo." Kisha akaendelea kukunja.

Kesho yake nilipanda jukwaani baada ya mbwa.

Niliwaza nitaimba kwa unyonge na kushuka. Tangu mlango wa sakafuni sikuwahi kusimama mbele ya watu, na nilipoona ule weusi uliojaa vichwa, mgongo wangu ulilowa. Fimbo niliiacha pembeni. Nikaanza 'Usifunge Dirisha', nikachukua hatua tatu za mwanzo za ile ngoma, na mguu wa kulia ukaburuta.

Mtu mmoja akacheka.

Nikazunguka, nyonga ikagoma katikati, nikayumba. Wakacheka wote. Walidhani ndiyo mzaha wenyewe, kwamba nawaonyesha Malkia wa Broadway akiwa mzee, amelewa, amevimba miguu. Kadiri nilivyojitahidi kucheza sawasawa ndivyo walivyozidi kucheka. Nilipofika kwenye ubeti wa mwisho nikavuta pumzi pale ninapokosea siku zote, na mwanaume mmoja alicheka mpaka wenziwe wakampigapiga mgongoni.

Walinirudisha jukwaani mara mbili. Katika maisha yangu yote sikuwahi kushangiliwa vile.

Bwana Brandvold alinisubiri pembeni anapangusa machozi. "Wewe mwanamke," akasema. "Huo mguu uliutoa wapi? Usiubadilishe. Kila siku hivyo hivyo."

"Utaendelea hivyo hivyo," nikamjibu. "Hauna namna nyingine."

Mama alikuwa nyuma yake. Nilitegemea atatahayari, angalau atatazama chini. Alinifunika shali yake mabegani, akanipa maji ya asali.

"Umeanza kuchechemea mapema mno," akasema. "Wape ubeti mmoja mzima kwanza, wakuamini, ndipo uburute mguu. Watacheka zaidi."

Na kesho yake nilifanya alivyosema. Wakacheka zaidi.

Tuliishi hivyo wiki ile, watatu, chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji yenye harufu ya kabichi. Mama alifurahi. Alikuwa na binti wawili kazini, mmoja Leonora na mwingine kikaragosi cha Leonora, na tayari alikuwa anazungumza na Bwana Brandvold kuhusu miji ya Helena na Great Falls, twende wote pamoja. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Nitawaambia kitu cha aibu: nilikuwa naanza kuzoea. Chakula kilikuwepo, na kucheka kwao kulikuwa na joto lake, hata kama kulikuwa kwa ajili ya mguu wangu.

Aliyenizindua ni Alvina.

Ilikuwa asubuhi, mama amekwenda sokoni. Nilimkuta mdogo wangu amejilaza kwenye sakafu kati ya vitanda viwili, shavu kwenye mbao, macho wazi.

"Umeanguka?" nikauliza.

"Hapana. Huku chini hakuna mtu anayenitafuta."

Nikajishusha kwa shida, nikakaa kando yake. Mguuni alikuwa amefunga kitambaa. Vidole vilikuwa vimechubuka hadi nyama, kwa viatu vyangu, vilivyo vidogo kwake.

"Dada, wewe ulikuwa unachoka hivi?"

"Nilikuwa nachoka."

"Ulifanya nini?"

"Nilidhani ndivyo watu wote wanavyojisikia."

Nje ving'ora vya migodi vilikuwa vinaita watu wa zamu. "Shangazi Ottilie alisema angenichukua," akasema. "Kule Sheboygan. Ana chumba juu ya duka la uzi. Mama alimwambia labda yeye mwenyewe afe kwanza. Nataka kwenda kulala, dada. Nilale, niamke, na nisiwe mtu mwingine."

"Mwambie mama."

"Nimemwambia. Alinipa maji ya asali."

Tulicheka, mimi na yeye, kule chini sakafuni, na kicheko chetu hakikuwa kizuri kukisikia. Nilimwahidi nitazungumza na mama. Siku ile sikuzungumza. Ya pili yake pia sikuzungumza. Nilikuwa natafuta maneno ambayo hatayageuza.

Ikafika Jumamosi, onyesho la mchana, siku ya akina mama na watoto wao. Watu walikuwa wanaingia. Tulikuwa chumbani, Alvina amevaa kanzu ya pamba bado, uso haujapakwa, mimi nashona ukosi, Bwana Brandvold ameingia kulalamika juu ya mpiga ngoma. Mlango ukagongwa, na mwanamke mmoja mrefu akaingia bila kungoja jibu.

Alivaa koti la kijivu na kofia isiyo na ua hata moja. Alijitambulisha kuwa Bibi Thirza Bolitho, wa chama cha kulinda watoto. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeona mengi na angependa kwenda nyumbani.

"Tumepata malalamiko," akasema, "kwamba Leonora Dunmore anayecheza hapa ni mtoto chini ya miaka kumi na sita. Sheria hairuhusu. Nani kati yenu ni Leonora Dunmore?"

Nilimwona Bwana Brandvold anafungua mdomo. Nilimwona mama anamtazama Alvina, kisha uso wa Bibi Bolitho, kisha mimi. Yote hayo yalichukua muda wa kumeza mate.

"Ni huyu," mama akasema, akaweka mkono begani kwangu. "Binti yangu mkubwa. Ana miaka thelathini na moja. Ninavyo vyeti vya ubatizo."

Nilikuwa nimevuka nchi nzima kulifuata jina lile. Nimeliimbia jiko la makaa, nikaambiwa nimelikosea mkono. Sasa nimepewa tu, kama mtu anavyokupa mzigo umshikie afunge kiatu.

"Na huyu msichana?" Bibi Bolitho akauliza.

"Mdogo wake. Humsaidia dada yake kuvaa."

Bibi Bolitho akaangalia kitambaa kwenye mguu wa Alvina. Akaangalia viatu vya buluu chini ya kiti. Hakuuliza. Akanigeukia.

"Basi wewe ndiye unayecheza hapa kila siku, Bi Dunmore? Nyimbo zote, na ile ngoma?"

Watu wanne walinitazama. Nilifungua mdomo na sauti iliyotoka haikuwa ndiyo wala hapana, nilikohoa.

"Ana mafua kidogo," mama akasema.

"Nitakuwa mkweli kwenu," akasema Bibi Bolitho. "Nikijiridhisha kwamba Leonora ni mtu mzima, nitaomba radhi na kuondoka, na sitarudi kuwasumbua. Nisiporidhika, huyu msichana ataondoka na mimi leo. Atakaa kwenye makao yetu ya wasichana mpaka tupate ndugu wa kumchukua, kama yupo. Na wewe, mama, utakwenda kueleza mbele ya hakimu. Wanaweza kukufunga." Akatazama saa iliyoning'inia kifuani kwake. "Onyesho linaanza sasa, sivyo? Nimepewa kiti mstari wa mbele. Ningependa kumwona Bi Dunmore akicheza."

Alipotoka, Bwana Brandvold ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ananitazama kama ananiona leo.

"Ni wewe," akasema. "Kweli ni wewe." Kisha akaongeza, kwa uchungu, "Na nilikuonyesha mkono."

Akawahi kwenda kufuta zamu yangu ya mwigaji na kupanga upya onyesho. Mama alikuwa tayari amelishika gauni la buluu. Liliniingia bila kubishana, limepwaya tu kiunoni. Alinipaka poda, akanichora nyusi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama nilipokuwa na miaka tisa. Alipomaliza akanishika uso kwa mikono miwili.

"Simama wima, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye Leonora. Hakuwahi kuwepo mwingine."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita mwanangu. Aliharakisha kwenda kusimama mahali pake, upande wa pili wa jukwaa, na chupa yake.

Alvina ndiye aliyenisindikiza ujiani. Alitembea peku. Tulipofika kwenye pazia la pembeni akanishika mkono wa gauni.

"Ni mimi niliyekwenda kwa yule mwanamke wa chama," akasema. "Sikujua mama atakutaja wewe."

"Wakikupeleka makao utaweza?"

"Nitalala." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Dada. Cheza vibaya."

Wasomaji wangu, sijawahi kuombwa hivyo na mtu yeyote, na jambo lenyewe lilionekana jepesi. Nilikuwa nimecheza vibaya wiki nzima bila kujitahidi. Ningeuacha mguu uburute kama jana, Bibi Bolitho angeinuka kwenye kiti chake, na mdogo wangu angelala. Nilimbana vidole kumjibu ndiyo. Nilimaanisha ndiyo. Kwamba kufanya hivyo kungempeleka mama kwa hakimu, hilo nalo nilikuwa nimelikubali, au nilidhani nimelikubali.

Pazia likafunguka.

Wakapiga makofi kabla sijafanya lolote, kwa ajili ya jina. Wanawake na watoto, kofia nyeupe, nyuso safi, wote wakinitazama kama ninavyokumbuka watu walivyokuwa wakinitazama. Mstari wa mbele lilikuwepo koti la kijivu. Bendi ikaanza.

Nikaimba ubeti wa kwanza. Nilitaka kuukwaruza, ukatoka safi. Nikajiambia haidhuru, sauti haimshangazi mtu, ni mguu watakaouona. Nikachukua hatua tatu za mwanzo nikingoja ile nyonga inikamate, kama ilivyonikamata asubuhi nikishuka ngazi, kama ilivyonikamata kila siku ya Mungu tangu New York.

Haikunikamata. Mchana ule, kati ya siku zote, haikuuma hata kidogo.

Upande wa kushoto midomo ya mama ilikuwa inatembea na maneno yangu. Bendi ikafika mahali ambapo Leonora Dunmore huinua mguu wa kulia. Niliuambia usipande. Ukapanda wenyewe, juu, laini, kama zamani, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Na upande wa kulia, kizani, nikamwona Alvina anageuza uso wake ukutani.